Kusikiliza Hevi Metali na Kufuatilia Habari Zake Ukiwa Kisumu, Nakuru au Kakamega: Mwongozo Kamili

Malalamiko ya wanaoanza kusikiliza hevi metali ni matatu na hayabadiliki. "Nimesikiliza, ni kelele tu." "Nilianza vizuri, bando likaisha." "Albamu ilitoka mwezi uliopita, mbona sikujua?"

Wanaolalamika hivi si wavivu, na masikio yao hayana kasoro. Walianza mahali pasipofaa, wakatumia kifaa kisichofaa, kisha wakaiachia programu ya simu iwachagulie. Metali hurekodiwa kwa tabaka nyingi zilizobanana: magitaa mawili au manne, besi, ngoma kubwa zinazopigwa kwa miguu miwili, matoazi, sauti. Ukiupitisha muziki wa namna hiyo kwenye spika ya simu, kipande leo kipande kesho, sehemu kubwa ya kilichopigwa haikufikii. Unachosikia ni kelele kweli, ila kelele hiyo imetoka kwenye spika.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Tatu za mwanzo ni kazi ya jioni moja, ukitoa siku mbili za kusikiliza kwenye hatua ya pili. Ya nne na ya tano zitakuchukua kama wiki sita, usizikimbize.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye nafasi tupu ya angalau GB 2, au memori kadi ya GB 32.
- Hedifoni za kebo. Kama simu yako haina tundu la jeki ya milimita 3.5, tafuta adapta ya USB-C.
- Programu ya kuchezea muziki uliohifadhiwa kwenye simu. VLC ni ya bure na inatosha.
- Akaunti moja ya huduma ya muziki inayokuruhusu kupakua albamu nzima na kuisikiliza bila intaneti.
- Programu ya kusoma milisho ya RSS, yaani orodha za habari mpya kutoka tovuti unazozichagua. Kwa Android, Feeder ni ya bure na ni nyepesi.
- Daftari na kalamu. Daftari si pambo, utaliona likifanya kazi kwenye hatua ya sita.
- Vizibo vya masikio vya sponji kutoka duka la dawa, kama unakusudia kwenda kwenye shoo.

## Hatua ya 1: Jaribu hedifoni kabla ya kulipa

Hedifoni feki zimejaa, na boksi zuri si ushahidi wa chochote. Ukiwa soko la Kibuye mjini Kisumu siku ya Jumapili, au kwa muuza vifaa yeyote wa kando ya barabara mjini Nakuru, omba kujaribu kwa simu yako mwenyewe. Akikataa, endelea na safari.

Nenda ukiwa na wimbo mmoja wa metali wenye ngoma za kasi kwenye simu, halafu angalia mambo matatu.

Kwanza, chezesha kebo taratibu mahali inapoungana na jeki. Upande mmoja ukikatika hata mara moja, rudisha. Hapo ndipo hedifoni nyingi za bei ya chini hufia.

Pili, sikiliza ngoma ya mguu. Inapopigwa haraka unapaswa kusikia kila pigo peke yake, tak-tak-tak-tak. Ukisikia mvumo mmoja mrefu kama lori linalopanda mlima, hedifoni hizo zimetengenezwa kwa ajili ya besi nzito tu na hazitakufaa.

Tatu, sikiliza matoazi. Yanapaswa kulia na kufifia. Yakikwaruza kama mchanga kwenye sufuria, au yakichoma sikio, acha.

Bluetooth ni sawa kwa kutembea, lakini jifunzie kwa kebo. Hedifoni za Bluetooth za bei nafuu huiminya sauti mara ya pili juu ya mminyo wa faili lenyewe, na metali ndiyo inayoumia zaidi kwa sababu haina nafasi tupu ya kuficha hasara hiyo.

Umefaulu ukiwa unaweza kufumba macho na kuonyesha kwa kidole gitaa lililo kushoto na lililo kulia.

## Hatua ya 2: Zima mapambo ya sauti

Simu nyingi huja na "kiboresha sauti" kimewashwa tayari, na programu za muziki zina ikwalaiza (kipanga sauti za chini, katikati na juu) yenye chaguo la Rock. Zima vyote. Chaguo hilo huinua chini na juu na kuishusha katikati, ilhali gitaa la metali linaishi katikati. Ukilichagua kwa sababu ya jina lake, umelifuta gitaa ulilokuja kulisikiliza.

Sikiliza siku mbili bila kugusa kitu. Ikiwa bado sauti ina uzito wa matope, shusha eneo la hezi 200 hadi 400 kwa desibeli 2 au 3. Ikiwa mapigo ya ngoma hayana ncha, pandisha kidogo kilohezi 3 hadi 4, kwa desibeli 2 tu. Daima anza kwa kushusha. Kupandisha kila kitu huifanya sauti ivunjike, kisha mtu hudhani ndivyo bendi ilivyorekodi.

### Kama unasikilizia wufa ya sebuleni

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Wufa ya kawaida ya nyumbani imepangwa kwa muziki wenye besi chache na ndefu. Metali ina besi nyingi na fupi. Pigo la kwanza halijaisha kuvuma, la kumi limeshafika, yote yanapandana na gitaa linazama humo.

Toa wufa kwenye kona ya chumba, kwa kuwa kona huongeza mvumo. Isogeze nusu mita au zaidi kutoka ukutani, iweke sakafuni wala si juu ya kabati linalotetemeka. Punguza kitufe cha besi hadi chini ya nusu. Spika mbili ndogo ziinue zifike usawa wa sikio la mtu aliyeketi, uzitenganishe kwa umbali sawa na ule ulio kati yako na kila moja.

Halafu kuna bati. Mvua ya alasiri ya Kisumu na Kakamega ikianza kupiga paa, nyimbo zenye mwanzo wa polepole hazisikiki kabisa, na mkono hukimbilia kuongeza sauti. Usiongeze. Albamu kadhaa katika orodha ya hatua ya nne huanza na gitaa tulivu kisha hulipuka bila kubisha hodi. Subiri mvua iishe, au tumia hedifoni kwa kiwango kile kile cha jana.

Tahadhari kuhusu masikio. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi desibeli 90, muda unabaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Kama mtu aliye hatua moja kutoka kwako lazima apaze sauti ili umsikie, umepita. Mlio mwembamba masikioni usiku baada ya kusikiliza ni onyo, yapumzishe masikio siku mbili.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya bando kabla ya kubonyeza

Hesabu hii haihitaji kikokotoo. Sauti ya kilobiti 96 kwa sekunde hula takriban MB 43 kwa saa. Ya kilobiti 160 hula MB 72, na ya 320 hula MB 144. Faili za FLAC, ambazo hazipotezi chochote, hufika MB 400 kwa saa au zaidi. Video hula kuliko zote hizo za kuminywa, na picha haikuongezei sauti.

Chagua kilobiti 160 kama kawaida yako. Kwa 96, matoazi hugeuka kuwa mvumo wa maji yanayotiririka. Kwa 320 utapata nafuu kidogo inayosikika kwenye hedifoni nzuri, si kwenye wufa. FLAC iache hadi uwe na vifaa vya kuistahili.

Albamu sita za hatua inayofuata ni kama saa tano kwa jumla. Kwa kilobiti 160 ni takriban MB 360, mara moja tu, ukizipakua. Ukizisikiliza moja kwa moja kutoka mtandaoni mara tatu tatu, umetumia zaidi ya GB 1 kwa muziki ule ule. Hapo ndipo bando huishia.

Pakua ukiwa kwenye waifai ya chuo, ya kazini au ya mkahawa, kisha ingia kwenye mipangilio uzime kabisa ruhusa ya programu kutumia data ya simu. Usiiamini itakumbuka yenyewe.

Tahadhari. Tovuti za nyimbo za bure hukupa faili la kilobiti 128 lililobandikwa jina la 320. Angalia ukubwa: wimbo wa dakika nne wenye 320 halisi hukaribia MB 9.6, na wa 128 hukaribia MB 3.8. Mjanja akilikuza faili dogo ili lionekane kubwa, ukubwa hautakusaidia, ila matoazi yatamfichua.

Umefaulu ukiwa umezima data, ukabonyeza albamu, na ikacheza kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

## Hatua ya 4: Anza na albamu hizi sita, kwa mpangilio huu

Mpangilio una sababu. Kila albamu inalizoesha sikio jambo moja ambalo ya kufuata inalihitaji. Ukiruka, unarudi kwenye "kelele tu". Wiki moja kwa kila albamu, na kitufe cha kuchanganya nyimbo kizimwe.

1. Black Sabbath, Paranoid (1970), kama dakika 42. Kila chombo kina nafasi yake na sauti ya Ozzy Osbourne inasikika neno kwa neno. Fungua wimbo wa kwanza, "War Pigs". Baada ya mwanzo mzito, gitaa la Tony Iommi linapiga mara mbili na kunyamaza, ngoma ya Bill Ward inabaki ikihesabu kwa matoazi peke yake, na mwimbaji anaingia katika nafasi hiyo tupu. Gitaa linarudi, linapiga tena mara mbili, linanyamaza. Rudia dakika hiyo mara tatu. Ukishaelewa kwamba ukimya ule ni sehemu ya rifu (kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa), umepata ufunguo wa nusu ya muziki huu.

2. Iron Maiden, The Number of the Beast (1982), kama dakika 40. Hapa unajifunza magitaa mawili. Dave Murray na Adrian Smith hupiga melodi moja kwa noti mbili tofauti zinazotembea sambamba, huku besi ya Steve Harris ikikimbia chini yao. Wimbo wa mwisho, "Hallowed Be Thy Name", ndio darasa.

3. Candlemass, Epicus Doomicus Metallicus (1986), kama dakika 43. Bendi ya Sweden, polepole kabisa. Watu huiruka wakitafuta kasi. Wanakosea, kwa sababu uzito hausikiki kwenye kasi kama unavyosikika hapa, gitaa likiachiwa livume hadi lifike mwisho wake.

4. Metallica, Master of Puppets (1986), kama dakika 55. Sasa kasi. Mkono wa kulia wa James Hetfield unapiga nyuzi kwa kushuka tu, karibu kila pigo, na ndiyo sababu gitaa linasikika kama msumeno uliopangwa mstari. Kumbuka onyo la mvua: "Battery" huanza na gitaa la taratibu. Wimbo wa saba, "Orion", hauna mwimbaji. Ukichoshwa na sauti za watu, pumzika humo.

Albamu hii inaenea karibu safari nzima ya matatu kutoka Kisumu hadi Kakamega. Ukianza gari likitoka stendi, na barabara ikiwa nzuri, utakuwa umeshapita Chavakali kabla haijaisha. Simu iwe mfukoni, si mkononi dirishani. Ukishuka, toa hedifoni kabla ya kuvuka barabara, na usizivae kabisa juu ya bodaboda.

5. Sepultura, Roots (1996), kama dakika 72. Kutoka Brazil. Magitaa yamelegezwa nyuzi hadi chini, Max Cavalera anapaza sauti badala ya kuimba, na ngoma za kienyeji zimeingia moja kwa moja ndani ya metali. Wimbo "Itsári" ulirekodiwa pamoja na watu wa jamii ya Xavante. Aliyekulia karibu na isukuti, ngoma za Waluhya, hatahitaji kuelezwa kwa nini ngoma zinaongea kabla ya gitaa. Ni ndefu, igawe siku mbili.

6. Death, Symbolic (1995), kama dakika 50. Mngurumo wa kweli unaanza hapa. Chuck Schuldiner ananguruma, lakini maneno yanafuatika ukiwa umeyashika mkononi, na magitaa yana melodi tele. Kwa wanaoogopa mngurumo, sijui mlango bora kuliko huu.

Baada ya hapo uko huru. Slayer, Reign in Blood (1986), dakika 29 tu, nyimbo kumi. Emperor, In the Nightside Eclipse (1994), kwa anayetaka metali nyeusi (black metal) ya Norway yenye kinanda kinachofunika kila kitu kama ukungu. Ukifika kwa Darkthrone na Transilvanian Hunger ya 1994, usihangaike na kebo wala ikwalaiza: ule ukwaruzo ulirekodiwa hivyo kwa makusudi.

## Hatua ya 5: Sikiliza mara tatu, kila mara kwa kazi moja

Kosa kubwa ni kutaka kuelewa mwimbaji kwanza. Katika metali, mwimbaji mara nyingi ndiye wa mwisho kueleweka.

Mara ya kwanza, ngoma. Tafuta ngoma kali ya juu inayopasua na uihesabu kwa kidole mezani. Ukipotea, subiri toazi kubwa. Mara nyingi linapigwa mwanzo wa mzunguko mpya.

Mara ya pili, magitaa. Na hapa mtu wa huku magharibi ana mtaji ambao hajauhesabu. Ukiwa umekulia na benga, sikio lako tayari linajua kutenganisha solo, gitaa la pili na besi. Unajua solo linavyomjibu mwimbaji, na unajua ile sehemu ya mwisho ambapo mwimbaji anakaa kando na gitaa linachukua wimbo. Tumia sikio hilo hilo. Gitaa la kushoto linafanya nini? La kulia linaliiga au linalipinga? Besi inafuata gitaa au ngoma?

Mara ya tatu, sauti ya mtu, ukisoma maneno. Mashairi yaweke mbele yako kabla ya kubonyeza. Mngurumo hutengenezwa kwa pumzi ya tumboni na ni ala kama ala nyingine. Kazi yake ya kwanza ni mdundo, maana hufuata.

Usisikilize mara zote tatu siku moja. Acha usiku mmoja katikati. Rifu uliyodhani haipo utaikuta kichwani asubuhi ukiosha vyombo.

Umefaulu ukiwa unaweza kuimba kwa mdomo, bila maneno, rifu mbili za albamu ile na kusema kila moja iko wimbo gani.

## Hatua ya 6: Fuata watu, usifuate mapendekezo ya programu

Programu hukupa kinachofanana na kile ulichosikiliza jana, kwa hiyo baada ya mwezi unazunguka mahali pamoja. Daftari ndilo linalokutoa humo.

Kwa kila albamu andika mstari mmoja: bendi, nchi, mwaka, mpiga ngoma, mtayarishaji, lebo (kampuni iliyotoa albamu), na nyimbo mbili ulizozipenda. Kisha chagua jina moja ulifuate.

Mfano. Kwenye The Number of the Beast utaandika mtayarishaji Martin Birch. Mfuate nyuma, utamkuta ameitayarisha Heaven and Hell ya Black Sabbath ya 1980, safari hii mwimbaji akiwa Ronnie James Dio. Mfuate Dio, utafika Holy Diver ya 1983. Albamu mbili kubwa, na hakuna programu iliyokuchagulia. Mfano wa pili: mpiga ngoma wa Symbolic ni Gene Hoglan. Mfuate na utatua kwenye City ya Strapping Young Lad (1997), ambayo ni moto mwingine kabisa.

Majina haya yanapatikana Encyclopaedia Metallum, kamusi ya bendi za metali iliyoanza 2002. Ni maandishi karibu matupu, kwa hiyo haili bando. Tafuta bendi, fungua albamu, soma waliopiga. Unaweza pia kutafuta kwa nchi, na Kenya imo.

Tahadhari. Bendi nyingi zina jina moja. Linganisha nchi na mwaka kabla ya kuandika. Huduma za muziki nazo huchanganya: albamu ya wageni hujikuta kwenye ukurasa wa bendi yako. Ikiwa "albamu mpya" haitajwi na bendi yenyewe, si yao. Pia, kuna bendi ambazo wasimamizi wa kamusi hiyo hawazihesabu kuwa metali, hivyo usishangae ukizikosa.

## Hatua ya 7: Ingiza Afrika katika orodha

Msikilizaji wa Kisumu asiyejua bendi ya Nairobi lakini anajua kumi za Florida, Marekani, ana pengo, na linazibika kwa wiki mbili.

Anza na Skinflint wa Botswana, hevi metali ya kawaida yenye visa vya mapokeo ya Kiafrika. Sikio lililopitia Iron Maiden litaipokea mara moja. Overthrust, pia wa Botswana, ni wa mngurumo. Arka'n Asrafokor wa Togo huchanganya midundo ya kwao na magitaa mazito, na huimba Kiewe pamoja na lugha nyingine. Nairobi, Last Year's Tragedy ni mlango mwepesi kwa anayependa sauti safi ikipishana na mayowe.

Duma, bendi ya watu wawili wa Nairobi, waweke mwisho. Martin Khanja na Sam Karugu walitoa albamu yao ya kwanza, Duma, mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni mayowe juu ya mashine za ngoma zinazokimbia kupita uwezo wa mikono na miguu. Ukianza nayo utakimbia. Ukiifikia baada ya hatua nyingine, utaona ni kitu ambacho hakikuwahi kupigwa kwingine. Khanja aliendelea kwa jina la Lord Spikeheart na kutoa The Adept mwaka 2024.

## Hatua ya 8: Panga habari zako kwa siku ya Ijumaa

Tangu Julai 2015, albamu mpya hutoka duniani kote siku ya Ijumaa. Kwa hiyo huhitaji kuchungulia simu kila saa. Unahitaji dakika ishirini Ijumaa asubuhi.

Fungua Feeder, ongeza vyanzo vitatu, visizidi vitano. Blabbermouth kwa habari za kila siku. Decibel au Metal Hammer kwa mahojiano. Angry Metal Guy kwa uhakiki, na hawa hawaogopi kutoa alama ya chini. Zima upakiaji wa picha. Kisha fuata kurasa za bendi tano unazozipenda na lebo mbili, basi.

Ukisoma kwamba albamu inatoka, iandike tarehe daftarini. Nyimbo zinazotangulia zisikilize bila kuihukumu albamu nzima kwazo, maana singo huchaguliwa kwa kuwa fupi.

Habari nzito zingoje chanzo chake. Kifo, kuvunjika kwa bendi, mwanachama kufukuzwa: usisambaze hadi bendi au familia iseme. Ozzy Osbourne alifariki tarehe 22 Julai 2025, siku 17 baada ya onyesho lake la mwisho Villa Park, Birmingham, na familia yake ndiyo iliyotoa taarifa. Uvumi wa kifo chake ulikuwa umezagaa zaidi ya mara moja kabla ya hapo, na kila mara ulikosa taarifa kama hiyo.

Saa za matangazo ya moja kwa moja. Wengi hukosa shoo kwa sababu hii tu. Majira ya joto, London iko nyuma yetu kwa saa mbili, Ujerumani kwa saa moja, New York kwa saa saba. Majira ya baridi ongeza saa moja kwa kila mji. Shoo ya London ya saa mbili usiku mwezi Julai, wewe uwe tayari saa nne usiku. Ya New York ya saa mbili usiku inakukuta saa tisa alfajiri, siku inayofuata.

## Hatua ya 9: Nunua albamu moja kwa msimu

Kusikiliza kwa huduma ya mwezi huifikishia bendi ndogo senti chache. Bandcamp, tovuti ya kununua muziki kutoka kwa bendi zenyewe, huchukua asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali, na siku za Bandcamp Friday huachia fungu lake. Nunua siku hizo.

Malipo ni kwa kadi au PayPal. Asiye na kadi ya benki anaweza kuwasha kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay. Bei nyingi ziko kwa dola au yuro, kwa hiyo acha salio la ziada kwa ajili ya ubadilishaji, la sivyo malipo yatakataliwa. Ukishanunua, pakua MP3 ya 320 kwa ajili ya simu. FLAC unaweza kuirudia baadaye kutoka akaunti yako bila kulipa tena.

## Hatua ya 10: Kwenda kwenye shoo ya Nairobi

Shoo nyingi za metali nchini ziko Nairobi, na nauli ya kutoka Kisumu si ya kubahatisha. Kabla ya kukata tiketi ya basi, hakikisha tangazo liko sehemu tatu: ukurasa wa bendi, ukurasa wa ukumbi na ukurasa wa mwandalizi. Bango la WhatsApp peke yake halitoshi.

Lipa kwa Till au Paybill. M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla malipo hayajakamilika, kwa hiyo lisome kwanza, ulipe tiketi moja, ndipo ununulie wenzako. Ukipewa namba ya mtu binafsi, mwulize mwandalizi hadharani kwenye ukurasa wake.

Shoo huanza kwa kuchelewa na huisha usiku wa manane. Wa Nakuru hushawishika kurudi usiku ule ule. Panga pa kulala, au subiri gari la alfajiri mahali penye watu na mwanga. Vizibo vya sponji viviringishe viwe vyembamba, vuta sikio juu kwa mkono mwingine, ingiza, kisha shikilia kwa sekunde ishirini hadi vifure. Vikiingia vizuri utaisikia ngoma kifuani na bado utayafuata magitaa. Vikitokeza nje nusu, vitoe na uanze upya kabla bendi ya kwanza haijapanda.